MFUNGWA WA LODWAR NA FUNZO LA KUJIAMINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Miongoni mwa maradhi yaliyoingia katika nyoyo za vijana wetu wa miji ya pwani, hapana yaliyo mazito kuliko kujidharau. Kijana hajaingia chumba cha mtihani, na tayari ameshajihukumu kuwa ameanguka. Hajaandika barua ya kuomba kazi, na tayari ameshasema kwamba kazi hiyo ina wenyewe. Hajafungua duka, na tayari ameshasadiki kwamba biashara ni ya watu wa mbali. Na mzazi wake, badala ya kumhimiza afungue kitabu, humpeleka kwa mwandika makombe, akanyweshwa zaafarani na kufungwa hirizi mkononi, kisha wote wawili wakakaa kungojea kalamu ijiandikie yenyewe. Matokeo yakitoka mabaya, husema kuwa ni husuda ya jirani.

Dawa ya maradhi haya, ndugu msomaji, haimo katika kikombe cha zaafarani. Imo katika nafsi. Na kujiamini tunakokukusudia hapa si mtu kujiona kuwa hamhitaji Mola wake, kwani huko ni kiburi, na kiburi ndicho kilichomwangamiza Ibilisi. Kujiamini ni mtu kujua kwamba akili yake, afya yake na wakati wake ni amana alizopewa, na kwamba ataulizwa amezifanyia nini. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na hupendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, ijapokuwa kila mmoja wao ana kheri yake, akatuamuru tukipupie kile chenye kutufaa, tutake msaada kwa Mwenyezi Mungu, wala tusijione kuwa hatuwezi. Basi mwenye kusema kwamba hawezi, na hali hajajaribu, amekwenda kinyume na amri hiyo.

Ili jambo hili lisibaki kuwa maneno matupu, tumeonelea tueleze maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake halimpiti mkubwa wala mdogo katika nchi hii, naye ni Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya. Hakuwa mtu wa dini yetu, na katika utawala wake yamo mambo ambayo watu wa pwani wana hoja nayo, nasi hatutayaficha. Lakini wazee wetu wametufunza kwamba hekima ni kitu kilichompotea muumini, popote akionapo hukiokota. Na hekima tunayoitafuta leo tutaiokota mahali ambapo wengi hawakudhani kuwa pana kitu cha kuokota, yaani katika mchanga wa Turkana.

Alizaliwa katika nchi ya Kikuyu, upande wa Gatundu, katika miaka ya 1890. Mwaka wenyewe haukuandikwa, kwani wazazi wake hawakuwa watu wa kalamu. Jina lake la utotoni ni Kamau wa Ngengi. Baba yake alikufa yeye angali mdogo, kisha mama yake naye akafariki, akaenda kukaa na babu yake, Kungu wa Magana, aliyekuwa mganga mwenye sifa. Lau angetaka, angekaa pale akairithi mikoba ya babu yake, akala kwa ramli na dawa. Lakini mnamo 1909 alikwenda Thogoto, palipokuwa na skuli ya wamisionari wa Kiskoti, akajifunza kusoma na kuandika, na kazi ya useremala. Hatukusudii kuzisifu skuli za wamisionari. Wazee wetu walizikimbia kwa kuchelea dini ya watoto wao, na khofu yao haikuwa ya bure. Linalotupasa kulitazama ni kwamba mtoto yatima, asiye na wa kumshika mkono, aliiona elimu kuwa na thamani kubwa kuliko hirizi za babu yake.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi katika baraza la mji wa Nairobi, katika idara ya maji, akizunguka kusoma mita za nyumba. Mwaka 1928 akawa katibu mkuu wa chama cha Wakikuyu cha wakati huo, akahariri gazeti la Muigwithania, lililoandikwa kwa lugha ya watu wake. Mwaka 1929 alipanda meli Mombasa kwenda London kupeleka malalamiko ya ardhi. Alirejea 1930, kisha mwaka 1931 akaondoka tena, na mara hii hakurudi mpaka 1946.

Miaka 15 hiyo ya ugenini haikuwa ya starehe. Alikaa na madeni ya kodi ya chumba. Alicheza sehemu ndogo katika filamu ili apate pesa za kula. Na wakati wa vita vikuu vya pili alifanya kazi ya shamba katika jimbo la Sussex. Skuli aliyosoma utotoni ilikuwa ndogo, na mtu wa kadiri yake hakutazamiwa kuingia chuo kikuu. Hata hivyo aliingia Chuo cha Uchumi cha London, akasoma kwa Bronislaw Malinowski, mtaalamu aliyesifika duniani kwa elimu ya mila za watu, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake juu ya mila za Wakikuyu, Facing Mount Kenya. Wakati huo desturi ilikuwa Mwafrika aandikwe na wengine. Yeye aliamini kwamba anaijua nchi ya baba zake kuliko mgeni aliyeipitia, akaishika kalamu mwenyewe.

Aliporejea, mwaka 1947 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Kenya African Union. Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ya Kiingereza ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na usiku huo huo akakamatwa. Alishtakiwa Kapenguria pamoja na wenzake watano, nao ni Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko, kwamba wao ndio wanaouendesha uasi. Alikanusha. Mawakili walikuja kumtetea kutoka Uingereza, India, Nigeria na Jamaica, na hakimu akakata hukumu tarehe 8 Aprili 1953: miaka 7 ya kifungo cha kazi ngumu. Mwaka 1958 shahidi mmoja mkubwa wa upande wa Serikali, Rawson Macharia, aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uwongo na kwamba alikuwa ameahidiwa malipo. Akafungwa yeye kwa kiapo hicho, na hukumu ya Kenyatta haikubadilishwa.

Sasa tumefika Turkana. Lokitaung, alikopelekwa kwanza, ipo kaskazini ya mbali, karibu na mpaka wa Ethiopia. Na Lodwar, alikopelekwa baadaye, ipo kando ya mto Turkwel. Katika zama hizo ilikuwa nchi iliyofungwa, mtu haingii ila kwa ruhusa ya Serikali. Ni nchi ya mawe na mchanga, jua lake ni kali, na mvua yake ni haba. Mito yake mikubwa, Turkwel na Kerio, kwa muda mrefu wa mwaka ilikuwa ni njia za mchanga mkavu, na mwenye kutaka maji huchimba katika mchanga huo mpaka ayapate. Wakoloni waliichagua kwa kuwa waliiona si kitu, wakadhani kwamba mtu akitiwa mahali pasipo kitu, naye atakuwa si kitu. Waturkana wenyewe, waliokuwa wakihama humo na ngamia na mbuzi wao, hawakuiona kuwa ni jela. Kwao ilikuwa ni nchi, nao walijua maji yapo wapi. Na hilo peke yake ni funzo: mahali ni pamoja, anayelia amekaa hapo, na anayechimba akanywa amekaa hapo.

Huko Lokitaung wenzake walipewa kazi ya kuvunja mawe. Yeye, kwa kuwa umri wake ulikuwa umekwenda, alipewa kazi ya kuwapikia. Mtu aliyekuwa amesoma kwa Malinowski na kuhutubia maelfu alikaa jikoni akipika chakula cha wafungwa. Tena haikumpata dhiki ya askari peke yake, bali na wafungwa wenziwe walikhitalifiana naye, wengi wao wakamtenga. Kutengwa na adui ni jambo la kutazamiwa, ama kutengwa na wenzako mliofungwa mnyororo mmoja, huo ni mtihani mwingine.

Alifanya nini? Hakukaa kuhesabu waliomdhulumu. Mwaka 1954 aliletwa jela hiyo Waruhiu Itote, aliyekuwa akiitwa Jenerali China, mmoja katika wakubwa wa wapiganaji wa msituni, na Kenyatta akamfundisha Kiingereza. Yazingatie haya, ndugu msomaji. Mwalimu ni mfungwa, mwanafunzi ni mfungwa, na nje watu wengi walidhani kuwa khabari zao zimekwisha. Mtu hafundishi wala hafundishwi katika hali kama hiyo ila awe anaamini kwamba iko kesho, na kwamba kesho hiyo itamhitaji akiwa tayari.

Aprili 1959 kifungo kilimalizika, lakini hakuachiwa huru. Alipelekwa Lodwar, akawekwa katika nyumba chini ya amri, asitoke katika mji ule bila ya idhini. Mkewe Ngina akaruhusiwa kumfuata. Wakati huo umri wake ulikuwa umepindukia miaka 60. Wengi wa rika lake walikuwa wameshakaa barazani kungojea siku zao. Mwezi Mei 1960 Gavana Patrick Renison alitangaza hadharani kwamba mtu huyu ni kiongozi wa kuwapeleka watu kwenye giza na mauti, na kwamba hataachiwa. Tuseme kweli, ni wangapi kati yetu wanaoweza kuambiwa neno kama hilo na mtawala wa nchi nzima, na baada yake wakabaki wakijua wao ni nani? Kuna watu wanaovunjika kwa maneno ya mwalimu mmoja, au kwa kicheko cha jirani.

Lakini mambo yalikuwa yakigeuka. Juni 1958 Oginga Odinga alikuwa amesimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba wafungwa wale ndio viongozi wa kweli wa watu, na kwa neno hilo akatukanwa kila upande. Mwaka 1960 chama cha KANU kilipoundwa, wajumbe walimchagua Kenyatta kuwa rais wa chama naye yuko Lodwar. Serikali ikakataa, na James Gichuru akashika nafasi hiyo. Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilishinda, viongozi wake wakagoma kuunda serikali mpaka aachiwe. Machi 1961 viongozi wa KANU na wa KADU walipanda ndege kwenda Lodwar kuonana naye. Wenye kutaka kuitawala Kenya walikwenda kwa mzee aliyetupwa jangwani. Mwezi uliofuata alihamishiwa Maralal, na tarehe 14 Agosti 1961 akarudishwa kwao Gatundu, baada ya miaka karibu 9. Tarehe 1 Juni 1963 akawa Waziri Mkuu, na tarehe 12 Desemba mwaka huo nchi ikapata uhuru.

Agosti 1963 alikutana Nakuru na masetla wa Kizungu, watu waliokuwa wakimwogopa kuliko mtu mwingine yeyote, akawaambia kwamba hataki kisasi na kwamba wenye kutaka kukaa wakae. Na kusamehe pia ni alama ya mtu kujiamini, kwani dhaifu akipata nguvu hukimbilia kulipiza, kwa kuwa ndani ya nafsi yake bado anaogopa.

Hatumfananishi mtu yeyote na Mitume wa Mwenyezi Mungu, lakini Qur'ani imetupa visa ili tuvipimie mambo yetu. Nabii Yusuf (a.s.) alitupwa gerezani kwa dhulma, na humo gerezani hakuacha kazi yake, bali aliwafundisha tauhidi vijana wawili waliofungwa naye. Mfalme alipomwita, hakukimbilia mlango. Alitaka kwanza jambo lake lichunguzwe na usafi wake udhihirike. Na alipokabidhiwa heshima, hakusema kwamba yeye hafai. Alimwomba mfalme amsimamishe juu ya hazina za nchi, akaeleza kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye ujuzi. Huyo ni Mtume, naye ameutaja uwezo wake waziwazi, kwa kuwa ulikuwa ni kweli na watu walikuwa wakiuhitaji. Basi wako wapi wanaosema kwamba unyenyekevu ni kujificha na kujidunisha? Unyenyekevu ni kujua kwamba uwezo umetoka kwa Mola. Kuukana uwezo wenyewe ni kukana neema.

Tuliahidi kwamba hatutaficha, na ahadi ni deni. Mtihani wa jela una mwenziwe, nao ni mtihani wa kiti. Mwaka 1969, baada ya ghasia na umwagikaji wa damu Kisumu, Serikali ya Kenyatta ilikipiga marufuku chama cha upinzani cha KPU, na Odinga akatiwa kizuizini bila ya kufunguliwa mashtaka. Huyu ni Odinga yule yule aliyemtaja mwaka 1958 wakati ambapo kumtaja kulikuwa khatari. Na sisi watu wa pwani tunakumbuka kwamba mwezi Oktoba 1963 yalifanywa mapatano London juu ya Mwambao, na ndani yake korti za makadhi zikahifadhiwa, nazo zimebaki. Lakini malalamiko ya mashamba yaliyopotea mikononi mwa wenyeji yalibaki pia, na wengi wameyarithisha watoto wao. Kwa hiyo funzo letu lina pande mbili. Kujiamini kulimvusha mtu huyu Lodwar. Lakini mwenye kujiamini asipoihesabu nafsi yake kila siku, na asipokuwa na wa kumwambia kwamba amekosea, kujiamini kwake huanza kusahau waliomshika mkono. Ndiyo maana Sayyidna Umar (r.a.) aliwausia watu wajihesabu kabla hawajahesabiwa.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, katika mji ule ule aliopandia meli mwaka 1929 na jina lake halijulikani. Miaka mitatu kabla ya kufa kwake, katika mwaka 1975, ziwa lile la kaskazini lililokuwa limepewa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, liliitwa Ziwa Turkana, kwa jina la watu wanaokunywa maji yake. Nchi iliyodhaniwa si kitu ikapata jina lake katika ramani za dunia.

Na sasa, kijana wa Mvita, wa Lamu, wa Malindi na wa Vanga, maneno haya ni yako. Unasema kwamba sisi tumesahauliwa, skuli zetu ni dhaifu, na wakubwa hawatutazami. Huenda yote hayo ni kweli, na kuyasema mbele ya wenye mamlaka ni haki yako. Lakini kuna vijana leo wanaosoma chini ya jua la Lodwar, na wengine katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, ambao hawana bahari wala bandari wala jamaa wa kuwaandikia barua, nao hukaa mtihani ule ule unaoukaa wewe. Ukiambiwa huwezi, usibishane. Fungua kitabu. Ukiwekwa jikoni, pika vizuri, na jioni mfundishe mwenzio unalolijua. Panga jambo moja unalolitaka kwa mwaka huu, liandike, uligawe kwa miezi, na kila Ijumaa ujihesabu umefika wapi.

Na nyinyi wazazi, pesa mnazowapa waandika makombe zipelekeni kwenye vitabu na mafuta ya taa. Mmfunge mtoto kwa dua zenu za usiku, msimfunge kwa uzi mweusi. Mwambieni kwamba anaweza, na muwe mmesimama nyuma yake mnapomwambia. Kitabu chetu kimetufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hayabadilishi yaliyoko kwa watu mpaka wao wabadilishe yaliyomo katika nafsi zao. Mlango umewekwa wazi, na mwendo ni wetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuondolee uvivu na udhaifu, atupe nafsi zenye kujua thamani ya amana yake, na atukinge na kiburi tunapopata kama atukingavyo na kukata tamaa tunapokosa. Amin.